Lipu ya Mwalimu Wangu Sikuigonga

Mimi ndiye niliyesema lile darasa ni salama. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikupewa chochote cha kunifumba mdomo. Nilisema mwenyewe, mbele ya wazazi, na bakuli mkononi. Nimekosa, na ninawaambia nyinyi kwa sababu wale niliopaswa kuwaambia bado nawaogopa.

Mimi ni injinia, mwanamke, naishi Moshono. Ofisini kwetu tulipewa kazi ya kukagua madarasa ya shule za serikali tuone kama yatahimili tetemeko la ardhi. Huku kwetu chini ya Meru ardhi hutikisika mara kwa mara. Tumeshazoea, tunashika vikombe visidondoke halafu tunaendelea na chai.

Kinachoshikilia kuta zisiachane ni lenta, ule mkanda wa zege wenye nondo ndani unaozunguka jengo lote juu ya madirisha. Ila ukuta ukishapigwa lipu na rangi, lenta huioni. Lazima uchukue nyundo, ubandue lipu kidogo kwenye kona, uangalie kwa macho yako. Kila shule nilikuwa nabandua. Watu wakinuna, wanune!

Mpaka nilipofika shule moja ya juu kule, ukishaacha lami pale Kikatiti. Mwalimu mkuu alitoka kunipokea, nikajikuta nacheka peke yangu. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la nne! Ndiye aliyenifundisha hesabu mpaka nikaipenda, ndiye aliyekwenda kumbembeleza baba nisiachishwe shule. Nikapiga goti kidogo, nikampa shikamoo. Akaniwekea mkono kichwani, akawaambia wazazi kwamba huyu injinia mnayemwona ni binti yake.

Lile darasa walilijenga wenyewe. Mwalimu alisimamia, kina baba wakachimba msingi, kina mama wakapandisha mchanga kichwani kutoka mtoni. Mchungaji alikuja akaliombea. Na kwa sababu ya ujio wangu walikuwa wamelipaka rangi upya, bado inanukia.

Nikatoa nyundo. Mwalimu aliitazama, akanivuta pembeni.

"Binti yangu," akasema taratibu, "hawa watu wamelala na rangi mikononi. Ukianza kubomoa, watasema nimewaletea mtu wa kuwaaibisha. Lenta ipo. Fundi aliniambia ipo."

Nilijua kwamba fundi kusema ipo siyo sawa na kuiona. Nilijua vizuri kabisa! Lakini nitamgongeaje ukuta mtu aliyenishikisha kalamu? Nikarudisha nyundo kwenye begi. Kina mama wakapiga vigelegele, wakanipakulia bakuli la loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, na mimi nikatangaza kwamba darasa ni salama.

Tetemeko lilikuja asubuhi moja, nikiwa Lemara kwenye kikao. Pale mjini lilikuwa la kawaida tu, viti vikacheza, watu wakataniana kuhusu nani alikuwa wa kwanza kukimbilia mlangoni. Mimi sikuweza kucheka. Nilimpigia Mwalimu, simu ikaita mpaka ikakata.

Watoto walikuwa wametoka kunywa uji, Mungu ashukuriwe. Alibaki msichana mmoja anafuta ubao, na Mwalimu akaingia kumtoa. Ule ukuta wa juu wa pembetatu, unaobeba paa, ukawaangukia mlangoni. Mwalimu alimsukuma mtoto nje, akapona na michubuko. Yeye mkono wake wa kulia ulisagika, na hospitali wakaukata. Ni mkono ule ule uliokuwa unaniandikia hesabu ubaoni.

Nilikwenda nikaangalia kifusi. Lenta haikuwepo. Kulikuwa na vipande vya mbao juu ya madirisha, basi.

Mnadhani kosa langu limeishia hapo? Wazazi waliitisha mkutano, na mimi nikaitwa. Mmoja akauliza, si alikuja injinia hapa akasema ni salama? Mwalimu akasimama na bandeji yake, hata hakugeuka kunitazama.

"Injinia alitaka kubomoa lipu akague," alisema. "Mimi ndiye niliyemzuia. Msimuulize yeye."

Na mimi nikanyamaza! Niliinamisha kichwa kama mtu aliyezidiwa na huzuni, kumbe moyoni nilikuwa nashukuru. Nilipaswa kusimama niseme kwamba kukubali au kukataa ilikuwa kazi yangu, siyo yake. Sikusimama. Mwalimu akavuliwa ukuu wa shule akiwa anakaribia kustaafu, na wapo wazazi wanaopishana naye kanisani bila salamu.

Juzi nikajikaza, nikaenda kwake kuomba msamaha. Sikufika mbali, kilio kilinitangulia. Aliniacha nilie. Mkewe alileta chai, na Mwalimu akainua kikombe kwa mkono wa kushoto, kikimwagika kidogo. Aliponiona nimetulia, akauliza kwa sauti ile ile ya darasani.

"Baada ya kwangu ulikagua shule nyingine. Huko uligonga?"

Jamani, sikuwa nimegonga. Kwa sababu nilipokwisha kuusamehe ukuta wa kwanza, wa pili ulikuwa rahisi. Kila walipopaka rangi mpya, kila waliponipikia, kila mzee aliponiita mwanangu, nyundo ilibaki kwenye begi. Na watoto wamekaa ndani ya madarasa hayo hayo, hata sasa ninapoandika.

Kesho asubuhi naingia ofisini kwa bosi wangu kumtajia shule zote ambazo sikugonga, na kumweleza kwamba kosa alilobebeshwa Mwalimu ni langu. Nikifukuzwa, nifukuzwe. Nimechelewa mno, najua.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, usiangalie uso wa mwenyeji wako, angalia kona ya ukuta. Na wewe mzazi, siku injinia atakapokuja shuleni kwenu akaondoka bila hata kukwaruza lipu, usimpigie vigelegele. Mkimbilie kabla hajapanda gari, umuulize ameona nini.