Mafuta ya Nywele Kwenye Chupa ya Soda

Nikiikumbuka siku moja ya kuamia ndege shambani, kule kijijini Mbingu, mwanangu, mate hunikauka mpaka leo. Wewe ulikuwepo, ila mchanga, mgongoni mwangu, hujajua hata kukaa. Mama yako Zawadi hapendi isimuliwe, na mimi dada yake nimemheshimu miaka yote. Lakini jana nimeona chupa ya maji dirishani kwako, ndani yake mafuta ya rangi ya asali. Ukaniambia, "Mama mkubwa, ni mafuta ya mbegu za kitani, ya kunywa. Yanakuza nywele, yanaleta afya." Nikakujibu "haya", nikatoka nje. Sikuwa na shughuli yoyote huko nje.

Sikiliza basi. Enzi hizo na mimi nilikuwa kijana, tena nikijiona mjanja. Mpunga ulipoanza kubeba tulihamia shambani wote, kama ilivyo desturi. Tunalala kibandani, na kuanzia alfajiri tuko juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia, tukipiga madebe ili ndege wasimalize mashuke.

Mama yako alikuwa amekuzaa karibuni, nywele zikaanza kumtoka. Akichana, kitana kinajaa. Na Zawadi kwa nywele zake, ungemwona! Kijiji kizima hakuna aliyesukwa akapendeza kama yeye. Basi akajifunga kilemba, asimwambie mtu, hata nesi wa kliniki aliyekuwa akikupima wewe uzito. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wazee hawakulisema hilo kwa kututisha bure.

Akapita mama mmoja muuza virutubisho, akamwambia dawa ya nywele ni mafuta ya kitani. Kijiko kimoja kila asubuhi, na kwa kuwa ladha yake inasumbua, abane pua ameze haraka. Zawadi akanunua kwa kuchangia na rafiki yake, fungu lake akalitia kwenye chupa ya soda, akaichomeka kwenye nyasi za paa. Paa ndilo kabati la kibanda cha shamba. Kijiko, kisu, chumvi, vyote huchomekwa humo.

Hapo ndipo penye kosa letu sisi watu wa mpunga. Dawa ya kuua magugu hainunuliwi na kila mtu kopo lake. Ananunua mmoja, majirani wanakuja na chupa zao za soda, wanamiminiwa. Baba yako alikuwa amebakiza kidogo, naye akaichomeka kwenye paa hilohilo. Rangi ileile, kizibo kilekile. Hakuna aliyekusudia ubaya, kila mtu alifanya kama siku zote.

Asubuhi hiyo nilimwona anatoka kibandani na chupa mkononi. Ndege walishatua, ana haraka, hakutafuta kijiko. Akabana pua kama alivyofundishwa, akapiga funda. Pua ingekuwa wazi angenusa, mwanangu. Angenusa tu!

"Dada! Dada, yananiunguza!"

Nilishuka dunguni sijui vipi. Nikainusa chupa: dawa ya magugu. Majirani wakafika mbio, huyu anaomba maziwa, yule anataka kumtia vidole kooni. Bibi yako akawasukuma wote.

"Acheni! Msimtapishe. Kilichomuunguza kikishuka kitamuunguza tena kikipanda. Iteni bodaboda. Na hiyo chupa iende naye."

Aliwahi kuona mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akatapishwa. Yaliyompata mtoto yule hakupenda kuyasema.

Wewe ulibaki kwa bibi unalia unataka kunyonya. Sisi tukashika njia ya Ifakara, dereva mbele, Zawadi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Mashimo, tope, malori ya mpunga. Kila alipokaa kimya nilimfinya ili alie, nijue yupo. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kurudi kwako mikono mitupu.

Hospitalini daktari akauliza, "Kanywa dawa gani? Inaitwaje?"

Nikatoa chupa. Akaigeuza, akaisoma.

"Hii imeandikwa soda, dada yangu."

Jina lilikuwa kwenye kopo, kopo liko kwa jirani, jirani yuko Mbingu. Baba yako, aliyetufuata kwa bodaboda ya pili, akarudi kulichukua. Nilikaa kwenye benchi, nesi akipita namwogopa kuliko simba, maana niliona ataniambia mdogo wangu hayupo tena.

Kopo likafika, daktari akasoma jina, akajua pa kuanzia. Mungu naye alikuwepo. Zawadi alikuwa amemeza kidogo. Ila sauti ya mama yako inakwaruza mpaka leo. Ulidhani ni mafua yasiyopona?

Alipopata nafuu ndipo akamweleza nesi habari za nywele. Nesi akasikitika. "Mama, wengi hunyonyoka nywele baada ya kujifungua, na kwa wengi zinarudi zenyewe. Ungemuuliza tu nesi wa kliniki."

Bibi yako, aliyekuja kumwona, alikuwa kando amekupakata. Hakupaza sauti. "Zawadi, chupa haina mdomo wa kusema kilichomo. Wewe unao, ukaufunga."

Kwa hiyo, mwanangu, mafuta yako sikukatazi. Wapo wanaoyasifu, mimi si daktari na sitabishana nao. Lakini yaache kwenye chupa yake iliyoandikwa, mahali pa baridi pasipo jua, maana yakipata joto huvunda. Hiyo ya dirishani leo hii imwage. Kunywa kwa kijiko, na kabla ya kumeza nusa. Usinywe kwa siri. Ukiwa na dawa nyingine unayotumia, au siku moja ukiwa na mimba au unanyonyesha, muulize nesi kwanza. Nywele zikitoka sana nenda ukapimwe, huenda mwili unalalamikia kingine. Na dawa ya shamba isiingie kamwe kwenye chupa ya kinywaji, hata jirani akinuna. Majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu wa namna hiyo siwataki.

Mungu akulinde, mwanangu. Nywele akujalie upendavyo, lakini zaidi ya yote akufikishe kwenye mvi.