Kaniki ya Bibi na Rangi ya Waridi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimvalisha bibi yangu gauni la waridi bila ruhusa yake. Kwenye picha ya kuchora, lakini. Usicheke kwanza.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa. Mwalimu wetu wa sanaa alituonyesha kitabu chenye picha za wakubwa wa Ufaransa ya karne ya kumi na nane. Wanaume kwa wanawake wamevaa waridi, mashavu yamepakwa wekundu. Akatueleza kwamba kwao waridi ilikuwa rangi ya ujana, raha na cheo, maana kupata nguo ya rangi ile ilikuwa ghali. Nyeusi mara nyingi ilikuwa ya msiba. Mimi nikameza yote.

Basi bibi akaja kwangu Bariadi kutibiwa, kutoka Lalago. Alikuwa amedhoofu sana, na maishani mwake hakuwa na picha hata moja. Akaniomba nimchore, ili wajukuu watakaozaliwa wamjue. Akakaa siku nzima na kaniki yake nyeusi, mgongo unamuuma, halalamiki. Nami, mjuaji, nikaona nimwondolee huzuni. Nikapaka waridi.

Alipoiona akaniuliza, "Huyu mama ni wa wapi?"

"Ni wewe, bibi. Nyeusi ni ya msiba."

"Nani kakwambia? Kaniki hii navaa tukienda kuomba mvua. Wewe umewahi kuona mvua ikaja na wingu la waridi?"

Jamani, niliona aibu! Nilikuwa nimelelewa naye, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja. Nikamwomba radhi. Kesho yake akakaa tena, na mgongo ule ule, nikamchora na kaniki yake.

"Haya, sasa ndiye mimi," akasema. Hakumaliza mwaka. Picha hiyo ndiyo tuliyobaki nayo.

Wabeja, bibi, asante sana. Angeweza kunisifu tu ili asinivunje moyo, nami hadi leo ningekuwa nimetundika ukutani picha ya mgeni.

Kwa hiyo, mwanangu, kitabu soma. Wafaransa wale waliijua waridi yao. Lakini ukimchora mtu, au ukitaka kumhukumu, muulize kwanza mwenyewe alichovaa kina maana gani kwake. Mungu akupe watu wa kukukosoa wangali hai, na akupe moyo wa kuwashukuru wakiwa bado wanakusikia.