Siku Niliyosimulia Jina la Mvinyo

Hii ni aibu yangu mwenyewe, basi nichekeni taratibu. Mimi pombe sijawahi kuitia mdomoni, na kwa ajili ya pombe nikakosa mke.

Miaka ile, sisi tuliotoka Unguja baada ya Mapinduzi tulikuwa wachache London, nami nilikuwa mhudumu katika mkahawa wa Kitaliano (kazi ni kazi, kodi ya chumba haingojei). Nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Zuhura, mtaa wa Tooting huko huko London, na wazee wake wakasema wataniulizia tabia kwanza, kama ilivyo desturi. Nikafurahi, maana tabia ninayo.

Ijumaa moja mteja akashika chupa ya mvinyo mweupe, Est! Est!! Est!!!, akauliza jina gani hilo. Nikamweleza nilivyofundishwa: zamani askofu mmoja akisafiri kwenda Roma alimtanguliza mtumishi wake aonje mvinyo kila nyumba ya wageni, akiuona mzuri aandike mlangoni kwa chaki "Est", yaani "upo" kwa Kilatini, kufika mji mmoja mtumishi akaandika mara tatu, na askofu akafika, akanywa, akanywa, mpaka wakamzika hapo hapo.

"Na wewe umeuonja?"

Ningesema hapana yangeisha, lakini nilimwona anasitasita nami nataka auchukue, nikasema, "Kila usiku, bwana." Meza ya pili wakacheka, wakataka nirudie, nikarudia kwa vitendo, nikapepesuka, nikajibwaga kwenye nguzo, nikafa kama askofu, wakapiga makofi, nikainama kushukuru, na nilipoinuka nikaona nyuma ya nguzo mzee wa kofia ya viua, mbele yake samaki na glasi ya maji.

"Ahsante, mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Mie ami yake Zuhura. Nimekuja kukuulizia, bahati umenijibu mwenyewe."

"Ami, wallahi ule mchezo tu!"

"Mchezo wa kila usiku?"

Akamaliza samaki wake, akavaa koti, akatoka.

Jumapili posa ikarudi. Shangazi yangu, aliyekuwapo kwa kina Zuhura siku hiyo, aliniambia kwamba ami alipoulizwa habari ya ulevi wangu hakusema mengi. "Upo," alisema. "Upo. Upo."

Niliumia, nisiwafiche. Tangu hapo nikiulizwa nisichokijua nasema sikijui, hata kama chupa itarudi kabatini. Zuhura aliolewa na dereva wa basi, mtu mwema, nikaenda harusini nikala biriani yao. Na mvinyo wenyewe, mpaka leo, sijauonja.