Aliniuliza Moshi, Hakuniuliza Moto

Wifi yangu Yunisi ana mdomo. Nami ninao. Marehemu kaka yangu Bonifasi, aliyemwoa, aliishi katikati yetu bila kupata nafasi ya kumaliza sentensi, na nadhani ndiyo sababu aliupenda uvuvi. Ziwani angalau kulikuwa kimya.

Yunisi ni mzaliwa wa Simbo, lakini utu uzima wake wote ameumalizia hapa Kibirizi, kwenye chanja kando ya ziwa, anabanika samaki aina ya migebuka. Ukimuuliza anashinda wapi, atakujibu, "Motoni." Sisi wabanikaji wote tunasema hivyo. Wageni hushtuka, wakadhani tunajitabiria mabaya ya ahera. Hapana, ni kazi tu. Na sigara aliianzia huko huko motoni, akiiwashia kijinga cha kuni mbele za watu. Wanawake wenzetu wa kanisani walipomnong'ona, alisimama nje baada ya ibada akawaambia, "Mdomo wangu, mapafu yangu. Nani ana la ziada?" Mimi sijawahi kuvuta hata siku moja, lakini asubuhi ile niliona raha ya ajabu.

Mwaka jana mapafu yenyewe yakagoma. Akiinama kuuchochea moto, anakohoa mpaka anashika nguzo ya banda. Na migebuka haimsubiri mtu akohoe. Ukichelewa kumgeuza, samaki anaungua upande mmoja, na mteja wa Kasulu anahamia kwa jirani. Nikaona wifi yangu anaogopa, yeye ambaye sijapata kumwona akiogopa kitu. "Wifi," akaniambia, "wakinitoa motoni, nitakuwa nani mimi?" Nikamtania kwamba atakuwa mzigo wangu. Hakucheka.

Ndipo wakaja hospitali ya mjini watu wa utafiti, wanatafuta wavutaji wanaotaka kuacha, wajaribu vidonge. Yunisi akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nesi wao, binti mmoja mpole aitwaye Esther, akamweleza bila kumficha. Wapo watakaopewa kidonge chenye dawa, wapo watakaopewa kidonge kitupu, na yeye Esther hajui nani atapata kipi. Anaruhusiwa kujitoa siku yoyote akitaka.

"Kwa hiyo mnaweza kunimezesha unga mtupu?" Yunisi akauliza.

"Inawezekana, mama."

"Basi nikipewa unga, nitaacha kwa ubishi. Ubishi ninao wa kutosha."

Habari zikafika pwani kabla yetu. Zubery, kijana mwenye kibanda cha sigara hapo jirani na chanja zetu, alikuwa anakaribia kumpoteza mteja wake mkubwa, kwa hiyo akampazia Yunisi sauti. "Mama Nehemia! Umekubali kufanywa panya wa majaribio? Hao ni mumiani wa kisasa. Leo kidonge, kesho damu!"

"Panya ni wewe," Yunisi akamjibu, "unayetuuma huku unatupuliza miaka yote hii." Pwani nzima ilicheka, hata waliokuwa na sigara mdomoni.

Akaacha. Nimelisema kwa neno moja, lakini msidhani ilikuwa rahisi. Thubutu! Alizitukana kuni. Aliitukana ndoo. Alinitukana mimi na ukoo wangu wote, na ukoo wenyewe ndio uliomwoa. Siku moja alilia mchana kweupe kwa sababu tu kiberiti kilidondoka majini. Nilimshika mkono, akaniambia nimwachie, nikakataa kumwachia. Hakuvuta. Nilikuwa naye kutwa, na usiku tunalala nyumba moja. Nani atanidanganya mimi?

Ikaja siku ya kupima pumzi. Ni kidude cha kushika mkononi, unakipulizia, nacho kinasoma kama una moshi kifuani. Yunisi alivaa kitenge chake cha Pasaka. Nikamsindikiza. Akapuliza kwa nguvu zake zote, taa ikawaka nyekundu. Akarudia. Nyekundu.

Esther akashusha sauti. "Mama, kipimo kinaonyesha bado unavuta."

"Sivuti."

"Hata moja moja? Usione aibu, wengi huteleza."

"Binti, nimekwambia sivuti!"

Uvumilivu ukanishinda. "We nesi, mtu anashinda motoni kutwa nzima, unataka pumzi yake inukie waridi?"

"Motoni wapi?" Esther akauliza, kakodoa macho.

Tukamweleza chanja, kuni, samaki. Akarudi kwenye maelezo ya siku ya kwanza. "Nilikuuliza kama kuna moshi unapofanyia kazi. Ulijibu hakuna."

"Uliniuliza moshi, nikajua unasema moshi wa sigara za wengine. Pale chanjani mvutaji nilikuwa mimi peke yangu. Hukuniuliza moto."

Esther akajishika kichwa. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Akasema kosa ni lake, alipaswa kuuliza vizuri, maana moshi wa kuni nao kipimo kinausoma vilevile. "Kaa mbali na moto siku mbili, mama, kisha uje upulize tena. Ila iwe wiki hii. Ikipita, utaratibu unanilazimisha kuandika kwamba hujaacha."

Sasa wiki hiyo yenyewe ilikuwa ya giza. Mwezi ukikosekana, mitumbwi inaingia ziwani na taa, na asubuhi samaki wanajaa pwani mpaka pa kukanyaga hakuna. Ndiyo wiki zetu za kula.

"Samaki wamejaa, halafu mimi nikakae nyumbani nipunge upepo ili kidude chako kinisifu? Oya, sikai!" Akikasirika, Yunisi hurudi kwenye Kiha. "Nilikuja hapa kuacha sigara, sikuja kuacha kazi. Andika unavyotaka."

Akatoka, nikamfuata. Tulipofika Kibirizi hakwenda kwenye chanja. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Zubery.

"Nipe moja."

"Wifi, usithubutu!" nikapiga kelele. Watu wakageuka.

Zubery alitaka kujua kumetokea nini, na kwa hasira nikaropoka kila kitu, taa nyekundu na yote. Laiti ningenyamaza. Akatabasamu mpaka masikioni. "Si wamesema unavuta? Vuta tu, mama, jina umeshapewa." Akawasha kiberiti, akakisogeza.

Sigara ilikuwa tayari midomoni mwa Yunisi. Nikasema moyoni, basi, tumempoteza, na mwaka kesho nitambeba kwenye machela. Yunisi akautazama ule moto mpaka ukamchoma Zubery vidole, kijana akautupa.

Akaitoa sigara mdomoni.

"Kile kidude kimenisingizia," akasema. "Nikivuta hii, kitakuwa kimesema kweli. Na ukweli huo sikipi."

Akaivunja katikati, akamrudishia Zubery vipande vyote viwili, akajifunga kanga kiunoni juu ya kitenge cha Pasaka.

"Wifi, lete kuni," akaniambia. "Unalia nini? Samaki wanaharibika."