Tenga la Kuku Kwenye Gari la Zimamoto

Siku yangu ya kwanza zimamoto nilipewa ndoo, ufagio na amri moja: nisiguse kitu chochote chekundu. Nikatazama huku na huku. Gari jekundu, milango myekundu, ndoo za mchanga nyekundu, hata mpini wa ule ufagio ulikuwa mwekundu. Nikamuuliza Mkuu wa Kituo, "Afande, sasa nishike wapi?"

Alikuwa mtu mrefu asiyecheka ovyo. "Mama, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne, afande."

"Na maswali umeyasomea wapi?"

"Hayo nimezaliwa nayo."

Ndivyo nilivyoanza kazi pale Moshi mjini. Nilikuwa mtumishi wa usafi, si askari. Nawaandikia ninyi vijana kwa sababu mnaliona gari linapita na king'ora, mnasema hao tena, wamechelewa. Hamjui kimefanyika nini kabla gari halijatoka langoni. Mimi najua, nilikuwa nafagia hapohapo.

Mtu wa kwanza kunifundisha ni Sajini wa Vifaa, aliyetunza mipira ya maji. Miaka hiyo mipira ilikuwa ya turubai, mizito kama ndama aliyelowa. Moto ukishazimwa, watu wanarudi, wanaoga, wanakula. Mpira haujala. Unasuguliwa kwa brashi, unasuuzwa, unavutwa kwa kamba juu ya mnara ule wa nyuma ya kituo, uning'inie kivulini mpaka ukauke. Watu wa mjini walidhani mnara ni wa kuchungulia moto. Kumbe ulikuwa kamba yetu ya kuanikia.

Mimi, mtoto wa kihamba, nimekua kati ya migomba na kahawa. Siku moja nikaona mnara unachelewesha kazi, nikaitandaza mipira yote juani kwenye majani, naigeuza kwa mkono kama kahawa kwenye kichanja. Sajini akaja, akasimama.

"Mama Aika, unavuna lini?"

"Si inakauka haraka, afande?"

"Jua linakula nyuzi. Unyevu unaozesha. Na ukiukunja mpira palepale kila siku, unakatika palepale. Ukipasuka, haupasuki hapa kwenye majani. Unapasukia mkononi mwa mtu aliye ndani ya moshi."

Sikulala vizuri kwa maneno yale. Kuanzia siku hiyo kila mpira niliokunja niliuwazia mtu mwishoni mwake. Sajini akaacha kunifukuza stoo, nami nikaacha kufagia tu. Nikajua viungo vya shaba vinavyoungana kwa kuzungushwa, nikajua bomba la kunyonya, lile nene linalotumbukizwa mtoni gari likiishiwa maji. Kichwani mwake lina kichujio cha chuma chenye matundu. Nikauliza matundu ya nini. "Gari halitafuni," Sajini akasema, "linameza tu."

Nilihamishiwa kituo cha Holili pia, mpakani, kulikokuwa na malori mengi. Huko niliuliza kwa nini lori la mafuta likiwaka halimwagiwi maji. Msimamizi wa huko, mtu wa maneno machache, akamwaga mafuta ya taa kwenye kikombe cha maji, akanionyesha yanavyopanda juu. "Ukimwaga maji, moto unaogelea." Ndiyo maana wanatumia povu, linalala juu ya moto kama blanketi. Nikarudishwa Moshi nikiwa Msaidizi wa Vifaa. Mume wangu akauliza cheo hicho kina kofia. Nikamwambia hakina, kina funguo.

Sasa niwaambie habari ya Kirua Vunjo.

Ilikuwa mchana, kiangazi. Simu ikalia: nyumba inaungua kule juu Kirua, na ndani yuko bibi asiyetembea. Mkuu wa Kituo akatoka mlangoni. "Nani anajua njia za Kirua?"

Nikasema mimi nimezaliwa Kirua. "Panda," akasema, "na usiniulize kitu."

Tulipanda na Sajini na Koplo mmoja, kijana mpole aliyeniita Mama Maswali. Njiani alikuwa anafunga vifungo vya koti lake, akaniambia, "Mama Maswali, leo mimi nina swali. Makande yangu nimeyaacha mezani, atayala nani?"

"Utayala mwenyewe."

Nyumba ilikuwa imewaka upande wa jikoni, moto ukipita darini kwenye kuni na majani makavu ya migomba. Binti wa yule bibi alikuwa anashikwa na majirani wanne asiingie. Koplo akafunga kitambaa kilicholowa maji usoni, akashika mpira, akaingia. Mkuu akamfuata hadi mlangoni, anamlishia mpira.

Tangi la gari halina maji mengi kama mnavyofikiri. Likaanza kwisha. Sajini akapiga kelele, "Maji yako wapi huku?"

Nilijua yalipo. Mteremkoni juu ya nyumba ulipita mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na chini yake kulikuwa na nduwa, lile bwawa dogo la kukusanyia maji. Nduwa ilikuwa tupu. Siku ile haikuwa zamu ya maji ya upande huo, mfongo ulikuwa umezibwa kwa shina la mgomba na mabonge ya udongo wenye majani. Mzee wa mfongo, yule anayegawa zamu za maji, alikuwa amesimama pale na jembe lake.

"Shikamoo, mzee. Tunafungua."

"Marahaba. Fungua, mama. Moto hauna zamu."

Sasa sikilizeni. Mfongo unafunguliwa kutoka juu. Unatoa bonge moja, unangoja, unatoa jingine, maji yanakuja safi. Mtoto wa miaka sita anajua. Mzee alikuwa anainama kuanza hivyo. Mimi nikamnyang'anya jembe, nikapiga chini kabisa, nikang'oa shina lote kwa mkupuo.

Maji yakaja kama ng'ombe waliokata kamba. Nduwa ikajaa mara moja, nikafurahi. Sajini akatumbukiza bomba la kunyonya. Pampu ikanguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta kichujio juu: kimefunikwa majani na mizizi, kama uso wenye ndevu. Akafuta, akatumbukiza. Ikakohoa tena.

Mpira ule unaoingia mlangoni ukalegea. Nauona hadi leo unavyolala chini kama nyoka aliyepigwa. Na Koplo alikuwa upande wa pili.

Tope pampu inameza. Majani ndiyo yanayoiua. Nikageuka, nikaona ukutani tenga la kuku, la fito, kuku watatu ndani. Nikawamwaga. Nikaruka kwenye nduwa mpaka kiunoni, nikakiingiza kichujio ndani ya tenga, nikalizamisha na kulishika kwa mikono yote miwili. "Washa!" Majani yakaganda nje kwenye fito, maji yakapita. Pampu ikashika. Mpira ukainuka.

Koplo alitoka akiwa amembeba bibi mgongoni, kwenye shuka, kama mtoto. Bibi alikuwa anakohoa na kuuliza kuku wake wako wapi. Koplo sikio lake la kushoto lilikuwa limeungua, na halikurudi kama lilivyokuwa. Jioni alikula makande yake. Nilikaa mbele yake, sikuuliza kitu, akashangaa.

Mkuu wa Kituo aliandika kwamba Msaidizi wa Vifaa ameonyesha akili. Akaagiza kila gari letu libebe tenga. Nilipostaafu walisimama mstari, wakanipa saa ya ukutani, wakaisimulia tena habari ya tenga. Koplo, wakati huo ni Inspekta, alipiga makofi kuliko wote. Nikamtazama lile sikio, nikasema asanteni, nikakaa.

Watu wanauliza mashujaa wanafananaje. Wanafanana na mtu anayefunga vifungo vya koti huku akiwaza makande. Anaingia akiamini kwamba walioko nje wanajua wanachofanya.

Mjukuu wangu Ndeshi ameanza kazi hiyohiyo mwaka huu. Ana kofia na koti, na mimi majirani nimewachosha kwa kuwaonyesha picha. Jumapili alikuja nyumbani kwangu Kirua.

"Shikamoo, Bibi. Kwenye gari letu kuna tenga. Nimemuuliza afande la nini, kasema limekuwepo tu."

"Marahaba. Kaa hapa." Nikamsimulia kama ninavyosimulia siku zote: moto, majani, kuku, nduwa.

Akafikiri. "Bibi, na majani yaliingiaje? Mfongo si unafunguliwa taratibu?"

Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza hivyo. Si Mkuu, si Sajini, si mwenye sikio. Mzee wa mfongo alijua, akafa nalo.

"Mimi ndiye niliyeyaingiza," nikasema. "Nilipiga chini, kwa pupa."

Niliangalia mikono yangu, nikingoja. Ndeshi hakunipa pole wala hakunilaumu. Alivua viatu vyake vya kazi, akaviweka mlangoni, akalichukua jembe langu ukutani.

"Twende mfongoni, Bibi. Nionyeshe unaanzia wapi."