Jina la kumi na mbili kwenye test ya programu ya getini, Mwanza

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa zamani na mliojiunga jana.

Nimesoma ule uzi wa vijana mnaotambiana kwamba test zenu zinajiendesha zenyewe, mtu anakunywa chai huku kompyuta inamkagulia software. Hongereni. Mimi niliunganisha kitu cha namna hiyo Mwanza miaka ya tisini, kwenye DOS, kwa flopi. Kilichonipata sijawahi kukiandika popote, na hapa siongezi chumvi.

Nilikuwa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, ziwani kabisa. Enzi za ruksa zile, kila tajiri anataka kompyuta mezani hata kama hajui inawashwaje.

Chetu kilinunua programu ya mahudhurio. Mfanyakazi akipita getini inaandikwa saa ya kuingia, akitoka inaandikwa saa ya kutoka. Jioni printa inatoa orodha: nani NDANI, nani NJE.

Shida ilikuwa wale jamaa wa Dar walioitengeneza. Kila mwezi wanatuma version mpya kwa basi, na kila version inarekebisha hiki inaharibu kile. Kuna siku ilionyesha kiwanda kizima kimelala kazini. Meneja akanigeukia mimi, kana kwamba niliiandika mimi!

Nikatengeneza batch file. Unachomeka flopi mpya, unabonyeza Enter, unakaa. Programu inasakinishwa pembeni, inalishwa watu kumi na wawili wa majaribio, halafu inachotoa kinalinganishwa na majibu niliyoandika mimi. Mwisho printa inachapa SAWA au KASORO.

Sasa majina. Nilitaka ya watu wa kweli, marefu na mafupi, ila yasigongane na ya waliopo kazini. Nikachukua daftari la zamani la getini, nikachagua waliofutwa kwa wino mwekundu: aliyefariki, aliyeacha, mtoro. Kila mmoja nikanakili siku yake moja, kuingia na kutoka.

Mmoja hakuwa na saa ya kutoka. Nikamjazia 17:00 kama wenzake, mambo yakae vizuri. Hilo mlishike.

Huyo aliitwa Kamugisha, Mhaya mwenzangu, muosha makreti pale boti zinapofunga. Alipotea mwaka na nusu kabla. Msimamizi wake alisema siku ile hakuja kazini, na mtu mwingine akadai alimwona Usagara akipanda basi na mwanamke. Ikaandikwa mtoro, yakaisha.

Kwa mkewe, Mama Koku, hayakuisha. Alikuwa anakata minofu ndani ya kiwanda hicho hicho. Akitaka kulia, ndugu wa mume wanamkataza: mumeo yupo hai, unamlilia nani, unamchuria? Na hapo hapo wanamsema kwamba ndiye aliyemkimbiza. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Mnaojua kwetu Kagera mnajua, kama mwili haukupatikana ukoo unazika shina la mgomba, mtu analiliwa, anapumzika. Yeye walimnyima hata huo mgomba.

Test ya kwanza ikatoka KASORO. Kumi na mmoja NJE, Kamugisha NDANI.

Nikapiga simu Dar, nikawasema hao vijana mpaka nikajisikia vibaya. Wakatuma flopi nyingine. Kamugisha NDANI. Ya tatu, Kamugisha NDANI.

Ndipo nikafungua data yangu mwenyewe. Saa yake ya kutoka ilikuwa wazi. Nikasema nimekosea, nikaandika 17:00 tena. Kesho yake asubuhi, wazi.

Wakuu, flopi ile nikaifunga kwa kile kitufe chake cha pembeni, kompyuta isiweze kuiandika. Nikaenda nayo nyumbani mfukoni mwa shati. Asubuhi nikaichomeka. Wazi. Na huo mfuko ulikuwa na unyevu, wakati mvua haikunyesha.

Mtasema si ungemtoa tu? Nilimtoa. Kesho yake alikuwepo, wa kumi na mbili, NDANI. Nikaogopa, sioni haya kusema. Nikawa sikai kile chumba bila kuacha mlango wazi.

Meneja akanipa mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, test ipite au nikatafute kazi nyingine. Nikachukua daftari, nikaenda kwa Mzee Lubango, mlinzi wa getini, Msukuma wa maneno machache. Nikamwamkia, nikamwonyesha ule mstari, tarehe ile ile Kamugisha aliyopotea. Nikamuuliza kwa nini hakumwandika Kamugisha alipotoka.

Akausogeza mwandiko wake karibu na macho.

"Niliandika alipoingia. Kutoka sikuandika kwa sababu hakutoka."

Nikamuuliza mbona hakusema siku zote hizo. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Kiwanda kile kilikuwa na geti moja tu, upande mwingine wote ni maji.

Kumbe yule alikuja kazini siku ile, akaishia majini. Kompyuta ndiyo ilikuwa inasema kweli, muongo nilikuwa mimi na 17:00 yangu.

Jumapili hiyo mimi na mzee tukalifunga daftari kwenye gazeti, tukaenda Butimba kwa kaka wa Kamugisha. Mama Koku naye akaitwa. Kaka akasoma tarehe, akasoma jina la mdogo wake, akapitisha kidole pale palipokuwa wazi. Akalifunga daftari, akamrudishia mzee.

"Basi tukakate mgomba," akasema.

Mama Koku akapiga yowe moja, na hakuna aliyemkataza. Wakapanda meli kwenda Bukoba wiki hiyo hiyo.

Ijumaa ikafika. Mchana, meneja kasimama nyuma yangu, nikabonyeza Enter. Data sikuigusa. Kumi na mmoja, NJE, 17:00. Kamugisha, NJE, 10:20. Chini yake KASORO, maana majibu yangu yalisema 17:00. Nikamwomba meneja anipe mpaka Jumatatu wiki ya pili, akakubali huku kanuna.

Mama Koku akarudi kabla ya hapo, amenyolewa, uso umetulia. Akanisimulia jinsi walivyoufunga ule mgomba kwenye shati la kazini la mumewe, na katekista alivyochelewa hadi kaka mtu akaanza kuangalia saa. Nikamuuliza waliuteremsha kaburini saa ngapi.

Akasema Ijumaa, saa nne na dakika ishirini.

Mimi nilichojifunza: mahali palipo wazi kwenye rekodi ya mtu usipajaze ili karatasi ipendeze. Kaulize kwanza.

Mwenye maelezo ya kitaalamu ayalete, nitayasoma kwa heshima, ila mkumbuke flopi ilikuwa imefungwa. Na aliyewahi kuona kitu cha namna hii asikae nacho peke yake kama mimi.

Mnajua mwiko wa kazi yetu: test ikigoma unarekebisha programu, hubadilishi majibu. Nimeuvunja mara moja tu. Jumatatu ile nilifungua faili la majibu, nikafuta 17:00, nikamwandikia Kamugisha saa yake. Ikachapa SAWA.