Salamu Niliyoikata

Nilikwenda kwa mama, kijijini Mwamapalala, kuandika makala kuhusu umakini. Simu niliizima nikaiacha mjini Bariadi, kwa majivuno ya mtu aliyeacha pombe. Mama alikuwa anakwenda kanisani. Akaniachia kazi moja tu, kuangalia pamba iliyoanikwa nyuma ya nyumba. Alikuwa ameichambua wiki nzima kwa mkono, na kesho yake ingepelekwa kituoni kuuzwa. Pamba ya mama haijawahi kukataliwa kwa uchafu.

Mimi nikakaa mbele ya nyumba, kwa sababu huko kulikuwa na kivuli. Nina shahada mbili.

Jirani, mama mtu mzima, akasimama njiani akanisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka," nikaitikia bila kuinua kichwa.

"Mmeamkaje? Mama hajambo? Na huko mjini…"

"Wote wazima, mama. Niko kazini."

Akasimama kidogo, akaenda zake. Nikaandika sentensi nzuri sana kuhusu watu wanaotuibia mawazo.

Mama aliporudi, ndama wawili walikuwa wamelala juu ya pamba. Ile waliyoshindwa kuila, waliinyea.

Jirani alipoulizwa hakuomba radhi. "Niliona wametoka zizini, nikaja kumwambia. Sasa ningemwambiaje, salamu yenyewe hajaimaliza? Nimrukie kama mgambo?"

"Kichwa chako kilikuwa wapi?" mama akaniuliza.

"Kwenye makala. Kuhusu umakini."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka.

Tuliichambua upya watu watatu, mama, jirani na mimi, siku nne. Kila aliyepita alisalimia, na kila mara tuliacha kazi tukaitikia mpaka mwisho. Makala niliichana. Mhariri bado anaidai, na najua atasema nimekwepa kazi. Aseme. Sitaandika kwamba mtu anayesimama njiani kuuliza hali ya mama yangu ni usumbufu. Anayeitaka makala hiyo aiandike mwenyewe, na mlango aufunge.

Kituoni, karani hata hakututazama. Alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye gunia. Mama akaweka kiganja juu ya mdomo wa gunia.

"Kwanza mwangaluka, baba."

Foleni nzima ikasubiri. Karani akasalimia, akaulizwa watoto, akajibu. Ndipo mama akaondoa kiganja, naye akazamisha mkono hadi kiwikoni, akatoa konzi ya pamba, akaigeuzageuza juani.

"Safi," akasema.